Ringi Pana za Bwana Douglas

La, gari haikuwa yake. Chandrakant angeitoa wapi Mustang, mtu aliyeshuka eapoti na sanduku moja na koti la kupewa? Gari ilikuwa ya bosi wake, Mzungu akiitwa Douglas, aliyekuwa na gereji kule Kenton, London, si mbali na stesheni. Na usifikiri ilikuwa gari ya kwendea dukani. Gari ya Kimarekani, rangi ya kijani kilichokoza mpaka karibu na weusi, boneti refu kama meza ya harusi, na ikiunguruma vikombe vinacheza kabatini. Gari ya kiume kweli. Ila huko chini, maskini, ilikuwa na vijitairi vyembamba, utadhani imetoka nyumbani na viatu vya mkewe.

Bwana Douglas akanunua ringi mpya, pana, na tairi zake pana nne. Mafundi wake wawili wakazitia, wakazitoa. Wakazitia tena, wakazitoa tena. Wakasema hizi hazikai hapa, ndani zinasugua springi, nje zinakula madigadi, labda bodi ikatwe. Kukata bodi Bwana Douglas hataki hata kusikia. Ile gari akiifuta kwa kitambaa kila asubuhi, na sijui kama mtoto wake aliwahi kufutwa hivyo.

Sasa Chandrakant, pale gereji, alikuwa mfagiaji. Ndiyo, mfagiaji. Huyu alikuwa Kampala anatengeneza magari ya mashindano, watu wanamjia kutoka Jinja, kutoka Nairobi, wanamngojea mlangoni kama wanangojea daktari. Ikaja ile sabini na mbili, Wahindi wakaambiwa watoke, akatoka. London akapewa ufagio. Miezi saba anafagia, na kila akifagia haachi kusema, "Hii Kampala tungeifanya hivi, ile Kampala tungeifanya vile." Mafundi wanacheka. Siku hiyo akasema tena, "Kampala hizi ringi zingekaa, na bodi isingekatwa."

Bwana Douglas akamtazama, akatazama ufagio, akamtazama tena.

"Basi ichukue," akamwambia. "Nenda nayo kwako. Jumapili saa saba mchana nakuja kuiangalia. Tairi zisipogusa popote, na bodi yangu isiwe na hata mkwaruzo mmoja, Jumatatu unaweka ufagio chini unashika spana. Zikigusa, habari za Kampala nisizisikie tena maisha yangu."

Ndivyo Mustang ilivyokuja kusimama nje ya nyumba yao. Nyumba yenyewe walipanga watu wawili. Chini Chandrakant na mkewe Lila, juu Mbarouk na mkewe Ummukulthum, jiko moja. Mbarouk na Chandrakant hawakujuana London, usidhani. Wote wamezaliwa Unguja, mtaa mmoja, skuli moja, bakora zao za mwalimu mmoja. Mmoja alikwenda Kampala kutafuta ufundi, mwengine akatoka Unguja sitini na nne na yaliyotokea, akaishia kubeba mabegi ya watu eapoti ya Heathrow. Wakaja kukutana tena kwenye foleni ya viazi, Kenton.

Mbarouk gari haijui. Nakwambia haijui hata inapotiwa maji. Lakini Jumapili ile alivaa ovaroli la kazini kwake, akasimama pembeni ya Mustang mikono kiunoni, na kila apitaye akiuliza kuna nini, anajibu yeye.

"Tunatia tairi."

"Tunatia!" sauti ya Chandrakant ikatoka chini ya gari. "Wewe umetia nini tangu asubuhi?"

"Nimetia chai, bwana. Nani kakuletea chai?"

"Chai yenyewe baridi."

"Ulilala chini ya gari nusu saa, unataka nikulishe kwa mrija?"

Ndivyo walivyokuwa hao. Lakini Mbarouk asubuhi alimwona mwenzake akiifungua na kuifunga nati ile ile mara tatu, na tangu hapo hakuondoka pale. Aliona afadhali atukanwe kuliko kumwacha peke yake na lile jambo.

Na kazi ilikwenda. Upande wa ndani Chandrakant alikwisha kuumaliza tangu Jumamosi. Alichonga visahani vinne vya chuma, vyembamba, akavitia nyuma ya ringi, tairi zikasogea nje kidogo zikaachana na springi. Kilichobaki ni nje. Zimesogea, sawa, zisije zikasogea mno zikakutana na ule ukingo wa madigadi gari ikirukaruka njiani. Na hilo huwezi kulijua gari imesimama.

"Kampala tulikuwa tunafanya hivi," akasema, akapiga chafya. Ulikuwa mwezi wa Juni, Juni yake ya kwanza Uingereza, na maua yao yalimshika pua ikaziba kama imetiwa saruji, hanusi kitu. "Unachukua unga uliokandwa, unaubandika ndani ya ukingo, unene wa kidole kimoja. Unaendesha, unapita kwenye tuta. Ukirudi ukaukuta unga mzima, basi tairi iko mbali zaidi ya kidole, lala usingizi. Ukiukuta umeliwa, una kazi. Nenda jikoni kaniletee unga."

"Unga gani?"

"Unga! Lila anapika chapati za mchana. Kata donge."

Mbarouk akaingia jikoni. Wanawake wote wawili walikuwa ukumbini wanakunja nguo, wanaongea. Juu ya meza mabakuli mawili, kila moja limefunikwa kitambaa. Mbarouk, mtu wa kula chapati miaka arubaini, akafunua la kwanza lililokuwa karibu na mlango, akaona unga, akakata donge kubwa kama kichwa cha paka, akafunika, akatoka anapiga mluzi. Kufunua la pili hakuona haja.

Chandrakant akaubandika kwenye madigadi zote nne kwa vidole vyake vyeusi vya girisi, akiupima kwa kidole cha shahada. Halafu Lila akamwita aje avae shati safi, Mzungu asije akamkuta kama kakimbia moto. Akaingia ndani, ikapita karibu saa nzima.

Mbarouk kubaki peke yake na gari akaona naye afanye jambo la maana. Jua lilikuwa kali siku hiyo, jua la Uingereza likiamua huamua kweli. Akawaza, rangi ya watu isije ikababuka. Akapanda juu, akachukua blanketi lake la sufi, lile zito walilopewa na kanisa, na la pili, akaifunika Mustang nzima mpaka kwenye magurudumu. Akaichomekea vizuri kila upande, kama mtu anamlaza mgonjwa. Akakaa kwenye kizingiti, akamtazama paka wa jirani aliyekuja kulala juu ya boneti.

Chandrakant akatoka na shati jeupe. "Hii nini?"

"Nimeistiri na jua."

"Gari au bibi harusi? Toa, twende."

Wakatoa mablanketi, wakaingia, Chandrakant akaiwasha, mtaa mzima ukatingishika. Wakaenda mpaka kwenye daraja la reli, pale barabara inapopanda mgongo halafu inashuka ghafla. Gari ikaruka, ikatua. Mbarouk akashika dashibodi akasoma alichosoma. Wakarudi.

Chandrakant akapiga magoti kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Akapitisha kidole. Akaenda la kulia. Akapitisha tena. Tairi zote mbili za nyuma zimejaa unga mzunguko mzima, kama zimeviringishwa jikoni, na pale ukingoni unga umeburuzwa umeninginia nyuzi nyuzi.

"Zinagusa," akasema.

"Kidogo?"

"Kidogo wapi, Mbarouk! Zimekula zote. Hakuna kidole, hakuna hata nusu." Akajifuta pua kwa mkono wa shati jipya. "Nilipima, wallahi nilipima." Ndiyo, Mhindu huyo, lakini wa Unguja, akikasirika huapa kama watu wa kwao.

Saa sita kasoro. Bwana Douglas saa saba.

Chandrakant akaenda kwenye boksi la vyombo, akatoa nyundo, akaizungushia kitambaa. "Iliyobaki ni kuulaza ukingo kwa nyundo. Taratibu, taratibu, uingie ndani."

"Rangi haitapasuka?"

"Huenda ikapasuka."

"Na alisema hata mkwaruzo..."

"Alivyosema mimi si ndiye niliyesikia? Shika huu ubao, uweke ndani kwa chini. Usinitazame, tazama ubao."

Mbarouk akachutama kwenye gurudumu la mbele, ndiko Chandrakant alikotaka kuanzia, maana la nyuma likiwa limegusa, na la mbele hakuona haja ya kulitazama. Akaingiza mkono na ubao. Vidole vyake vikakuta kitu laini, vuguvugu. Akainamisha kichwa. Lo! Ule unga uliobandikwa unene wa kidole ulikuwa umefura, umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, vidole vitatu kamili, na harufu ikampanda puani: iliki. Iliki na nazi.

Chapati haitiwi iliki.

Mbarouk akajua hapo hapo. Akajua na bakuli, akajua na kitambaa, na yale mablanketi yake mawili ya sufi akayaona mbele ya macho. Unga wa mandazi ya mkewe, wenye hamira yake, umebandikwa kwenye chuma cha moto, juani, halafu yeye akaufunika gubigubi. Mwokaji wa mikate asingefanya vizuri zaidi. Si tairi iliyoufuata unga. Unga ndio ulioifuata tairi.

Na hapo nitakwambia kweli, alitamani asiseme. Maana asubuhi nzima mtaa umesikia "tunatia tairi", na sasa aseme nini? Lakini juu yake ile nyundo ilikuwa imekwishanyanyuliwa.

"Chandu, ngoja."

"Shika ubao."

"Chandu, usipige! Huu si unga wa chapati."

Nyundo ikabaki hewani. Na kabla hajauliza, dirisha la jikoni likafunguka, kichwa cha Ummukulthum kikatoka.

"Baba Suad! Nani kaukata unga wangu wa mandazi? Nimeacha bakuli limejaa, nakuta shimo!"

Suad ni binti yao, yuko Leicester kwa shangazi yake wiki ile, kwa hiyo asingeweza kusingiziwa.

"Mimi," akasema Mbarouk, kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa ukubwa wake.

"Umeula mbichi?"

"Nimeutia kwenye gari."

Ummukulthum akamtazama mumewe, akaitazama gari, akafunga dirisha. Kuna mambo mwanamke anaona ayapeleke kwanza kwa shoga yake. Wakasikika wakicheka jikoni, yeye na Lila, mpaka sufuria ikaanguka.

Chandrakant alikuwa amekaa chini kwenye ukingo wa barabara na shati lake jeupe, nyundo mapajani. Mbarouk akadhani analia. Kumbe mabega yanacheka.

"Nimefukuzwa Uganda," akasema, "nikapona. Nije nimalizwe na mandazi."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nyanyuka. Futa hizo tairi. Lila! Niletee unga wa chapati, na ulete mwenyewe, huyu asikanyage jikoni!"

Lila akaja na bakuli kalikumbatia. Mwanamke mdogo, mpole, lakini siku hiyo alishikilia lake. "Hiki ndicho chakula cha mchana. Nikikupa chote tutakula nini?"

"Nipe nusu. Na wewe mwenyewe nakutaka. Na shemegi Ummukulthum pia. Ingieni garini."

"Kwenda wapi?"

"Kwenye daraja. Gari ikiwa tupu haikwambii kweli. Kampala tulikuwa tunapakia watu ndipo tunapima. Nataka uzito."

"Uzito?" akasema Ummukulthum, aliyekuwa ameshafika mlangoni. "Shemegi, wataka uzito ndiyo ukaniita mimi?"

"Nimekuita kwa heshima."

"Heshima hiyo kamwite na Jane."

Jane alikuwa Mzungu wa mlango wa pili, mjane, mama mnene mcheshi anayeipenda chai ya Lila, na alikuwa amesimama ukutani kwake tangu saa tatu akiangalia bure. Hakungoja kuitwa mara mbili. Akaenda kuvaa kofia kwanza, na huku nyuma Chandrakant akabandua unga wa mandazi, akabandika wa chapati.

Mustang ina milango miwili tu. Kuwaingiza wale mama siti ya nyuma, mmoja na sari, mmoja na baibui, mmoja na kofia ya kanisani, ilikuwa kazi kuliko kutia ringi. Kwanza Lila akasema gari haiondoki bila ndimu. Kwao gari ikitiwa kitu kipya huwekwa ndimu chini ya kila tairi, izipasue zitoke na kila baya. Akaweka nne. Ummukulthum akaona na yeye asipitwe, akasoma zake akapulizia usukani. Jane akauliza kama hizo ndimu nazo ni za ufundi.

"Ndiyo," akamjibu Chandrakant, "za ufundi kabisa."

Wakaondoka, ndimu zikapasuka. Mbarouk mbele, bakuli la unga uliobaki mapajani mwake, kaambiwa alishike asiliguse. Kufika darajani gari ikaruka na watu wake wote, nyuma wakapiga kelele kwa lugha tatu. Ikatua. Chandrakant alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha, anasikiliza. Akageuza, akapita tena. Halafu tena. Jane akasema na iwe mara ya nne.

Walipokata kona ya kwao, Bwana Douglas alikuwa amesimama mlangoni. Kaja mapema. Suti, saa mkononi. Akaiona Mustang yake inakuja taratibu, imelala nyuma, kioo kimejaa sari na baibui na kofia.

"Nilikupa gari," akasema ilipozimwa, "sikukupa basi la abiria."

Wakina mama wakashuka mmoja mmoja, kila mmoja akampa habari ya mchana. Chandrakant alikwenda moja kwa moja kwenye magurudumu. Alipiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akatazama. La pili. La tatu. Unga mzima, kama alivyoubandika, alama za vidole vyake zipo. La nne, la nyuma kushoto, upande aliokaa Jane, Mbarouk ndiye aliyewahi kuliona. Juu ya unga palikuwa na alama, pamelainika, panang'aa. Tairi imepita ikaubusu.

"Uchomoe," akanong'ona Mbarouk, Kiswahili, akitazama mbinguni kama anaangalia ndege. "Uchomoe haraka, mimi namzuia."

Chandrakant akatikisa kichwa. "Bwana Douglas, njoo uone hapa."

Douglas akakunja suruali, akapiga magoti barabarani na suti yake. "Hiki nini?"

"Unga. Unene wa kidole. Zile tatu hazikufika. Hii moja, kwa watu watano na lile daraja, imefika hapa kwenye unga, kwenye chuma haikufika. Ukienda peke yako haitafika kabisa. Lakini mimi siipendi. Springi ya upande huu imechoka, ndiyo maana. Nikiongeza jani moja la springi, ubapa mmoja wa chuma, itakuwa sawa na wenzake."

"Springi imechoka? Mafundi wangu hawakuniambia."

"Hawakupakia watu."

Douglas akaubonyeza unga kwa kidole, akatoa rula ndogo ya chuma mfukoni, akapima. Akapima kote kunne. Akapitisha kiganja juu ya bodi, madigadi zote, kutafuta mkwaruzo. Akasema anataka kuendesha mwenyewe, na mzigo ule ule. Jane alikuwa ndani kabla hajamaliza kusema.

Aliyebaki ni Mbarouk peke yake, siti ya mbele kaichukua fundi. Alisimama pale barabarani na bakuli lake, akasikia injini inakwenda, inakwenda, inafika darajani. Akatega sikio kusikia mpira unakwaruza. Akasikia wakina mama tu.

Walirudi. Bwana Douglas akazima gari, akaupangusa usukani kwa kitambaa. Halafu akasema, bila ya kumtazama mtu, "Tatizo langu sasa ni nani atanifagilia Jumatatu."

"Mimi, bwana," akasema Chandrakant. "Saa mbili kamili, kama kawaida."

Mbarouk akapitisha mguu mlangoni akamkanyaga. Lila akamfinya kwa nyuma. Hata Jane akaguna.

"Wewe utakuwa huna nafasi," akasema Douglas. "Utakuwa chini ya gari hii unaongeza hilo jani la springi. Na njoo na habari zako za Kampala, inaonekana nilikuwa sizisikilizi."

Chandrakant akafungua mdomo, akapiga chafya, ndiyo shukrani iliyotoka. Kisha akageuka akatazama ukuta wa jirani, na Mbarouk akampitishia leso dirishani.

Ummukulthum ndiye aliyewahimiza. "Mtasimama barabarani mpaka lini? Wali umekauka. Mwambieni na huyo bwana aingie."

Douglas akasema ana haraka. Jane alikuwa amekwishavua kofia anaingia, akamshika mkono wa koti akaingia naye. Viti vilikuwa vinne, wakaongeza masanduku mawili. Lila akapanga upande mmoja dengu na bilingani zake, Ummukulthum upande wa pili akaweka samaki wake, katikati sinia la wali na kachumbari, na chapati nne tu zilizotoka kwenye ule unga uliobaki, akazikata vipande. Chandrakant akanawa mpaka maji yakawa meusi, akarudi akanawa tena. Mbarouk akasukumiwa sanduku lililo mbali kabisa na jiko. Douglas akatafuta uma, akaona hakuna anayeutafuta, akaacha. Lila alikuwa bado anazunguka na mtungi wa maji, mumewe akauchukua mkononi mwake, akauweka chini, akamvutia kiti. Akakaa. Wakakaa wote, wakala.